Jibini Isiyomjua Ng'ombe

Nimetengeneza jibini tangu nina miaka kumi na mmoja, mwaka ule baba aliponitoa darasa la nne kwa sababu alikuwa na ng'ombe wengi kuliko watoto wa kuwakamua. Kwa hiyo mtu asinione mchoyo nikisema kwamba chizito si jibini. Chizito ni kijiti cha mahindi kilichopulizwa kikavimba, kikapakwa unga wa rangi ya chungwa unaoganda kwenye vidole mpaka kesho yake. Juu ya pakiti wamechora kipande cha jibini chenye matundu, na hicho cha kuchorwa ndicho pekee utakachokipata. Lakini hata hapa Nueva Helvecia, mji ambao kila nyumba ina mtu aliyewahi kugandisha maziwa, hakuna siku ya kuzaliwa ya mtoto bila bakuli la chizito. Ukithubutu kuliacha, watoto watakusema mpaka nao wapate wajukuu.

Basi mjukuu wangu Pilar alipokaribia kutimiza miaka minane nilijua bakuli hilo litakaa mezani kwangu, nipende nisipende. Sherehe ilikuwa ifanyike kwangu. Mama yake, mwanangu Lorena, na mumewe Germán wanaishi ghorofani kwenye vyumba viwili, na kwangu kuna uwanja, kuna mtini, na kuna mume wangu Wilmar, ambaye mpira ukigonga dirisha anauliza tu umeingia au haukuingia.

Pilar hakuomba zawadi. Aliomba jambo moja, kwamba Abril aje na abaki mpaka mwisho.

Abril na Pilar ni chanda na pete tangu darasa la kwanza. Sasa, huyo Abril ana mzio wa maziwa. Si ule wa kuumwa tumbo kidogo ukapita. Wake ni wa koo kufunga. Alipokuwa na miaka minne mtu mmoja mwenye huruma zake alimlisha uji kwa kijiko kilichokuwa kimechota karameli ya maziwa, kikafutwa tu kwa kitambaa, na mtoto akapelekwa hospitali kwa gari la wagonjwa. Toka siku hiyo mama yake, Yanina, humleta kwenye sherehe, wanaimba, wanapiga makofi, na chakula kikianza kutoka jikoni wao wanatoka mlangoni. Pilar alikuwa amechoka kumuaga rafiki yake kabla ya keki. Aliniambia anataka Abril ale meza moja na wenzake, si kwenye kisahani cha pembeni kama mgonjwa.

Nikaenda mwenyewe kwa Yanina. Ana saluni karibu na uwanja wa mji. Nikakaa kwenye benchi mpaka amalize vichwa viwili, maana jambo la namna hiyo huwezi kulisema huku mwenzako ameshika mkasi. Nilipomweleza akawa anazichana nywele za mteja wa tatu ambazo zilikwisha kuchanwa.

"Bi Irma," akasema, "wewe nakuamini. Pakiti ndizo siziamini."

Lakini alikubali. Akaniandikia karatasi moja, akaijaza pande zote mbili: kitu gani hapana, kitu gani sawa, kijiko kioshweje. Nikaibandika kwenye friji kwa sumaku niliyopewa na watu wa mitungi ya gesi, upande wa pili ukiwa juu kwa sababu ndio uliokuwa na mambo ya keki. Wiki nzima niliisoma kila asubuhi, taratibu, kidole chini ya maneno, kama nilivyofundishwa.

Keki niliioka mara tatu. Ya kwanza niliwapa kuku. Ya pili Wilmar aliila bila kusema neno, na Wilmar akila bila kusema neno ujue chakula kimemshinda. Ya tatu nilitia mafuta ya alizeti na maji ya machungwa, ikainuka, nikajua hiyo ndiyo. Halafu nikatoa siagi, maziwa na jibini zangu zote, nikazihamishia kibandani. Nikaikwangua meza kwa maji ya moto. Miaka sitini sijawahi kuwa na jikoni isiyo na jibini. Ilikuwa kama nimewafukuza ndugu.

Pakiti alileta Germán, Ijumaa jioni. Kubwa tatu: chizito, viazi vyembamba vya chumvi, na vijiti vya viazi vya ladha ya nyama ya nguruwe, ambavyo Pilar anavipenda. Nilimuuliza kama vina maziwa. Akaniambia amemuuliza binti wa dukani, na binti wa dukani amesema havina. Nikaridhika. Hapo nakiri nilifanya uvivu, lakini mimi nimezoea kwamba anayeuza kitu anakijua.

Jumamosi asubuhi nikazimimina pakiti zote kwenye mabakuli na kufunika kwa vitambaa. Kwetu pakiti haikai mezani. Mama yangu alikuwa akisema kumwekea mgeni pakiti ni kumwambia arudi dukani. Na pakiti tupu, kama ada ya nyumba hii, nikampa Wilmar. Yeye huzifuta kwa ndani, ambako zinang'aa kama fedha, anazikata kanda nyembamba na kuzifunga kwenye matawi ya mtini ili ziwatishe ndege. Ndege wenyewe wamezizoea siku nyingi. Mvumilivu hula mbivu, wanasema, na Wilmar ni mvumilivu kweli, ila mbivu za mtini ule wanakula ndege.

Saa tisa alasiri Lorena akaingia kutoka kazini kwake duka la dawa, akafungua friji kutafuta maji ya baridi, sumaku ikaanguka. Akaiokota karatasi ili airudishe mahali pake. Nikamwona anasoma, kisha anasoma tena.

"Mama," akasema. "Huu mstari wa mwisho uliuona?"

Sikuuona. Ulikuwa chini ya ile sumaku ya mtungi wa gesi. Yanina alikuwa ameandika: Pakiti zote usizitupe, nitazisoma mwenyewe nikimleta.

Lorena akauliza ziko wapi. Mimi nilitazama tu dirishani, naye akatazama nilikotazama. Nje upepo ulikuwa unavuma kidogo na mtini wote unametameta.

Yanina alikuwa aje saa kumi, kabla ya watoto wengine, ndivyo tulivyopatana. Nilijua vizuri nitakachomwona anakifanya akikuta mabakuli yasiyo na jina. Angenishukuru, angembusu Pilar, angemshika mwanawe mkono na kurudi naye nyumbani, na asingekuwa na kosa. Na hiyo sherehe Pilar angeikumbuka kwa hilo tu.

Wilmar akaleta ngazi. Alipanda akinung'unika kwamba amezifunga mafundo mawili mawili, na kwamba mtu akitaka kitu chake kisifungwe aseme mapema. Lorena akawa anazipokea kanda chini, mimi nazitandaza kwenye meza ya jikoni, naye Germán, aliyekuwa amefika na maputo, akayaacha maputo yakazurura sebuleni akaja kuzipanga. Germán ni karani wa bima, amezoea maandishi madogo, lakini yale yalikuwa madogo kuliko ya bima. Nikampa lenzi yangu ya kutungia sindano. Tukaunganisha za rangi ya chungwa na za rangi ya chungwa, za bluu na za bluu, za waridi na za waridi, tukizikandamiza kwa vijiko zisijikunje.

Pakiti ya viazi vya chumvi ilikuwa rahisi. Viazi, mafuta, chumvi, basi. Ya chizito ilikuwa ndefu zaidi, ila ilitimia yote: unga wa mahindi, mafuta, chumvi, rangi, na kitu kilichoandikwa ladha ya jibini, na mwisho kwa herufi nene, ina vitu vya soya. Soya Abril anakula. Germán akaipitia mara mbili kwa lenzi. Maziwa hayakuwamo hata tone.

Sikuweza kujizuia, nikawaambia mimi hilo nimelisema miaka yote. Lorena akaniambia nijisifu baadaye, saa zinakwenda.

Ikabaki ile ya waridi, ya ladha ya nyama ya nguruwe. Hapo kanda moja ilikosekana, ya chini kabisa, ndiyo inayobeba ule mstari wa herufi nene. Wilmar akasema huko nje hakuna tena, labda upepo umeichukua. Germán akasoma zilizokuwepo: viazi, mafuta, chumvi, sukari, unga wa kitunguu, ladha ya moshi, kaseinati ya sodiamu, rangi. Akavua miwani. Akasema nguruwe hayumo, lakini maziwa nayo hayamo, ni madawa ya maabara tu, na hiyo sodiamu ni chumvi, ndiyo maana mbele ya pakiti kuna ile alama nyeusi ya pembe nane ya kuonya chumvi nyingi. Kwa hiyo tumemaliza, turudishe mabakuli mezani. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika ishirini.

Nikamwomba alirudie lile neno kabla ya sodiamu. Akalirudia.

"Hayo ni maziwa, Germán."

Akaniangalia kwa upole, jinsi mtu anavyomwangalia mzee anayetaka kuvuka barabara mahali pabaya. "Mama, hapa hakuna palipoandikwa maziwa."

"Ndiyo. Pameandikwa kaseini."

Nikamweleza. Kabla sijaolewa, na baada ya kuolewa pia, nilifanya kazi majira ya baridi kumi na moja kwenye kiwanda kilichokuwa kando ya kijito, ambacho sasa ni bohari la matairi. Maziwa yaliyotolewa mafuta tulikuwa tunayagandisha kwa asidi, tunayaosha, tunayakausha, tunayasaga mpaka yawe kama mchanga mweupe, tunayatia maguniani. Yalikuwa yakienda mbali kutengenezwa gundi na vifungo vya mashati. Kwamba watu wanayala, na tena wanayaita nguruwe, hilo kweli sikulijua. Lakini kwenye kila gunia palikuwa na neno, na wa kulipaka rangi nilikuwa mimi, kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa hautetemeki.

"Mimi sikusoma sana," nikamwambia, "ila neno hilo nimeliandika kwenye magunia kabla mama yako hajaolewa."

Germán hakubisha. Wilmar naye alikuwa amekwisha kutoka. Tukamsikia anaiburuta ngazi upande wa pili wa mti, halafu akaita kwamba ameiona, iko kileleni, na ndege mwenye mkia mrefu amekaa pembeni yake anakula tini bila wasiwasi wowote. Akaisoma kutoka huko huko juu, neno moja moja, kama padri.

"Ina. Vitu. Vya. Maziwa." Kisha akaongeza, "Huyu ndege ameshaisoma. Ndiyo maana anashikilia tini."

Tulicheka, lakini mimi kicheko kilinikatikia njiani, kwa sababu nilikumbuka asubuhi. Mabakuli yote matatu niliyajaza kwa mkono mmoja, bila kunawa. Nilichokoa vijiti vya waridi vilivyodondokea kwenye chizito, nikavirudisha kwao, nikaona nimefanya usafi. Kwa hiyo chizito ile isiyomjua ng'ombe nilikuwa nimeitambulisha kwake mimi mwenyewe. Nikawaambia. Hakuna aliyenilaumu, na hilo lilinichoma zaidi.

Mabakuli yakatolewa nje mara moja. Wilmar aliyapeleka kwa rafiki zake wa uwanja wa tufe, wazee wa kuviringisha mipira, ambao kitu cha bure hawakiulizi kina nini. Lorena akabadilisha kitambaa cha meza, nami nikachemsha maji tena, nikasugua meza, sinki, vitasa vya milango na mikono yangu mpaka viwiko, nikavaa aproni nyingine. Germán tulimtuma dukani akachukue pakiti mpya mbili, chizito na viazi vya chumvi, za jina lile lile, na tukamwapisha asimuulize binti kitu, asome.

Alirudi mbio saa kumi kamili, na langoni akakutana na Yanina na Abril. Wakaingia pamoja.

Basi hivi ndivyo Yanina alivyotukuta. Meza ya sherehe haina kitu ila keki. Meza ya jikoni imejaa kanda za pakiti zilizolaliwa na vijiko. Wilmar ana majani ya mtini kichwani. Mimi nimelowa. Na Pilar amesimama mlangoni na gauni lake jipya, amemshikilia mama yake aproni, anatusoma nyuso mmoja mmoja.

Lorena alinikonyeza. Najua alichotaka: nimwambie tu kwamba pakiti mpya hizi hapa, zimefungwa, karibu, na mengine tuyazike. Ingetosha. Lakini mtu aliyekuamini huwezi kumpa nusu ya habari. Nikamkalisha Yanina nikamweleza kuanzia kwenye sumaku: mstari niliouficha mwenyewe, mabakuli, mkono wangu, mtini, neno, ndege. Sikuacha kitu. Alisikiliza mkono mmoja umeshika wa Abril na mwingine uko juu ya kimkoba anachotembea nacho, chenye sindano ya kumwokoa mtoto koo likifunga.

Nilipomaliza akaziinamia zile kanda. Akazisoma zote, hata za viazi. Kidole chake kikasimama kwenye waridi.

"Nani aliyeliona hili?"

Germán akaninyooshea lenzi mimi.

Yanina akasema neno lile lilimchukua miaka miwili kulijua. Alilijulia kwenye soseji, siku ambayo hakutaka kuieleza mbele ya watoto. Akasema kila nyumba anayokwenda wanamwambia usiwe na wasiwasi, hamna kitu, na hawajafunua hata kifuniko. Akatutazama, akautazama mtini, akamtazama Wilmar na majani yake.

"Hakuna mtu aliyewahi kunipandia mti," akasema.

Akachukua pakiti mbili mpya kutoka kwa Germán, akazisoma mbele na nyuma, akanirudishia. Kisha akauachia mkono wa Abril. Sikumbuki nani aliyekimbia kwanza, yeye au Pilar. Nilisikia tu maputo mawili yanapasuka sebuleni.

Yanina akavuta kiti cha jikoni. "Nitakaa hapa, Bi Irma. Si kulinda. Nina kiu." Nikamtilia yerba, ile chai yetu ya majani, ya kwanza chungu kama anavyoipenda, tukawa tunapokezana kikombe.

Saa kumi na nusu watoto wengine wakafika, kumi na wanne, na mama zao. Nami nikafanya jambo ambalo mama yangu angefufuka kuja kulizuia. Nilizifungua pakiti mdomo, nikazisimamisha katikati ya meza zilivyo, maandishi yakitazama watu. Mmoja wa wale akina mama, mke wa mwenye duka la viatu, akaniuliza kwa sauti ya asali kama mabakuli yangu yamevunjika yote. Nikamwambia hapana, yamepumzika.

Abril alikula viazi kwanza. Akala keki, akaomba tena. Chizito aliizunguka muda mrefu. Hajawahi kuila, zote kwake zilikuwa na lile jina la kutisha, jibini, juu ya pakiti. Mwishowe akachukua moja kwa vidole viwili, akamtazama mama yake jikoni. Yanina akatikisa kichwa, ndiyo. Abril akaitia mdomoni, akaitafuna taratibu akisikiliza koo lake, jinsi watoto wengine wanavyosikiliza ngurumo. Hakuna kilichotokea. Rangi ya chungwa ikambaki mdomoni kama wenzake.

Halafu akaja nilipo. Pilar alikuwa amemwambia kwamba mimi ndiye bibi wa jibini, kwa hiyo aliona mimi ndiye wa kuulizwa.

"Bibi, jibini ndivyo ilivyo hivi?"

Wenzake wote wakanigeukia, maana watoto wa mji huu swali hilo wanalijua jibu. Wilmar alipaliwa na yerba. Mimi nikaziona jibini zangu kule kibandani, duara thelathini na mbili juu ya mbao, ambazo nazigeuza kila asubuhi na kuzifuta kwa kitambaa cha maji ya chumvi, na nyingine ni kubwa kwa umri kuliko huyu mtoto aliyesimama mbele yangu. Miaka sitini. Pilar akafungua kinywa asahihishe. Nikampiga jicho, akakifunga.

"Ndiyo, mwanangu," nikasema. "Hivi hivi."

Abril akafikiri kidogo, akajilamba kidole.

"Kumbe sikukosa kitu kikubwa," akasema.

Nikamsogezea pakiti.